Neno na Mahali Pake

Tuseme, msomaji, ya kwamba baba yako amekwenda safari ya mbali, naye amewapelekea barua nyumbani. Barua ilipofika mama alikuwa shambani, ikawekwa juu ya sanduku, na usiku panya wakaikata vipande viwili. Asubuhi wewe ukaokota kipande kimoja, ukasoma maneno haya: Mfunge kamba nje ya nyumba, wala usimwache aingie ndani hata nitakaporudi. Ukajiuliza, Ni nani huyu? Ndipo ulipomkumbuka mdogo wako, ambaye juzi alivunja mtungi. Ukasema moyoni, Bila shaka baba amekwisha kusikia habari. Ukachukua kamba, ukamfunga mtoto mtini, naye akalia mpaka sauti ikamkauka.

Mama aliporudi akaingia ndani, akatafuta, akakiona kipande cha pili nyuma ya sanduku. Kumbe, baba alikuwa akiandika habari za mbwa mkali aliyenunuliwa mwezi ule!

Sasa fikiri. Maneno uliyoyasoma yalikuwa ya kweli yote. Mkono ulioyaandika ulikuwa mkono wa baba yako hasa. Tena wewe ulitaka kutii. Walakini umemtenda ndugu yako mabaya, nawe umesema kwamba baba ndiye aliyeamuru. Maana katika lugha yetu neno "mfunge" ni la mtu, na la mnyama vile vile. Neno lenyewe halisemi ni nani. Lisemalo ni lile lililotangulia, nalo lilikuwa nyuma ya sanduku.

Nionavyo mimi, makosa mengi ambayo watu huyafanya kwa Maandiko Matakatifu ni ya namna hiyo. Si kwamba hawayaheshimu. Pengine huyaheshimu sana. Lakini huokota kipande, wakakimbilia kamba. Kwa sababu hiyo nataka kusema nanyi leo, ninyi mnaoanza kusoma Biblia kwa macho yenu wenyewe, juu ya neno na mahali pake.

Kwanza yatupasa kukumbuka Biblia ni kitu gani. Si kitabu kimoja tu, bali ni vitabu vingi, vilivyoandikwa na watu wengi kwa muda wa mamia ya miaka. Sehemu kubwa ya Agano la Kale iliandikwa kwa Kiebrania, na sehemu chache kwa Kiaramu. Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani. Kila mwandishi alikuwa na watu wake mbele yake, aliowajua majina yao na taabu zao. Mtume Paulo alipowaandikia watu wa Korintho, alijibu maswali ya Wakorintho. Barua zile zimetufikia sisi pia, na twaamini kwamba zina neno kwa ajili yetu. Lakini sisi hatukuwa wasomaji wa kwanza. Mtu asomaye barua ya jirani yake kwa ruhusa yake hana budi kuuliza kwanza mambo ya jirani yule.

Tena, hesabu za sura na aya mzionazo leo hazikuwapo zamani. Paulo hakuandika kwa aya. Aya za Agano Jipya kama tuzijuavyo zilitiwa na mchapaji mmoja Mfaransa, jina lake Robert Estienne, katika kitabu alichokipiga chapa mwaka 1551. Alifanya vema, kwani hesabu zile zatusaidia kutafuta mahali upesi. Lakini kumbukeni ya kuwa mtu achukuaye aya moja peke yake hachukui kitu kilichokatwa na mtume. Achukua kipande kilichokatwa na mchapaji.

Basi na tutazame neno moja gumu, tuone jinsi linavyofunguka likirudishwa mahali pake. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu awaambia makutano kwamba mtu asiyemchukia baba yake na mama yake hawezi kuwa mwanafunzi wake. Neno hili limewashangaza wengi. Je, Yeye aliyetufundisha kuwapenda hata adui zetu ametuamuru kuwachukia waliotuzaa? Kijana mpumbavu aweza kulishika neno hili, akamdharau mzee wake, akajiona mtakatifu.

Lakini tuwaulize Waebrania walisemaje. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 29, imeandikwa ya kuwa Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea. Na mara, katika aya ifuatayo, Lea aitwa mwenye kuchukiwa. Yakobo hakumfukuza Lea wala hakumpiga. Alimweka nyuma, akamtanguliza mwingine. Ndivyo walivyosema wale watu: walipotaka kuonyesha kwamba kitu kimoja chatangulia na kingine chafuata, waliweka kupenda upande huu na kuchukia upande huu. Naye Mathayo, sura ya 10, alileta fundisho lilo hilo kwa maneno mengine, kwamba asiwepo mtu ampendaye baba au mama kuliko Kristo. Tena katika Marko, sura ya 7, Bwana awakemea vikali watu waliowanyima wazazi wao msaada kwa kisingizio cha sadaka. Basi kijana yule amemtukana baba yake kwa jina la Yule aliyeamuru baba aheshimiwe.

Kosa hilo huumiza nyumba moja. Lakini liko kosa jingine lililoumiza mataifa, nalo yawapasa kulijua, kwa kuwa lilitupwa juu ya watu weusi wote.

Katika Mwanzo, sura ya 9, twasoma habari za Nuhu baada ya gharika. Alipanda mizabibu, akanywa divai, akalewa, akalala uchi hemani mwake. Mwanawe Hamu, babaye Kanaani, akamwona, akatoka, akawaambia ndugu zake nje. Shemu na Yafethi wakatwaa nguo, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Nuhu alipolevuka akalaani, akasema kwamba Kanaani atakuwa mtumwa wa ndugu zake.

Kwa muda wa miaka mingi walikuwako watu, tena wengine wao wahubiri, waliosema hivi: Hamu ni baba wa watu weusi, Hamu alilaaniwa, kwa hiyo Mungu mwenyewe amewaweka watu weusi wawe watumwa. Maneno hayo yalihubiriwa katika makanisa ya Marekani ya kusini, hata utumwa ulipokomeshwa nchini humo mwaka 1865. Watu waliuzwa kama mbuzi, mama huku na mtoto kule, na mwenye kuwanunua akarudi nyumbani, akafungua Biblia, akalala usingizi mzuri.

Haya, turudishe neno mahali pake. Sihitaji elimu kubwa kwa kazi hii. Nahitaji macho tu.

Kwanza, ni nani aliyelaaniwa? Si Hamu. Someni mara tatu mkipenda. Jina lililo katika laana ni Kanaani. Hamu alikuwa na wana wanne, nao wametajwa katika sura ya 10: Kushi, na Misri, na Putu, na Kanaani. Kushi ni nchi iliyo kusini ya Misri, kando ya mto Nile. Basi wale wana ambao nchi zao ziko Afrika hawamo katika laana hata kidogo. Wana wa Kanaani ni watu wa Sidoni, na Wayebusi, na wenzao, waliokaa katika nchi ile ambayo Waisraeli waliiingia baadaye.

Pili, ni nani anenaye? Ni Nuhu, mzee aliyeamka katika ulevi. Kitabu hakisemi kwamba Mungu aliitamka laana ile. Lakini mwanzo wa sura ile ile kimesema wazi kwamba Mungu alimbariki Nuhu na wanawe. Na Hamu alikuwa mmoja wao.

Tatu, habari hii iliandikwa kwa nani? Iliandikwa kwa wana wa Israeli, ambao jirani zao na adui zao walikuwa Wakanaani. Kwao wao jina la Kanaani lilikuwa na maana. Habari za rangi ya ngozi hazimo, hata neno moja.

Nne, Maandiko mengine yasemaje juu ya watu weusi? Katika Hesabu, sura ya 12, Miriamu alimnung'unikia Musa kwa sababu ya mkewe aliyekuwa Mkushi. Mungu alimkasirikia nani? Alimkasirikia Miriamu, naye akapigwa na ukoma. Na katika Yeremia, sura ya 38, nabii alipotupwa shimoni ndani ya matope afe, ni mtu mmoja tu aliyethubutu kumwendea mfalme na kumwombea, naye ni Ebedmeleki, Mkushi. Ndiye aliyempelekea nabii matambara ya kutia kwapani, ili kamba zisimchubue walipomvuta juu. Hivi ndivyo Biblia inenavyo juu ya watu wa Kushi.

Basi mwaona ya kuwa fundisho lile halikutoka katika kitabu. Lilitoka katika tamaa, likaenda kutafuta aya ya kuvaa.

Wako hata waliokata kitabu chenyewe. Mwaka 1807 huko London kilipigwa chapa kitabu cha sehemu za Biblia, zilizochaguliwa kwa ajili ya watumwa weusi katika visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza. Nakala chache zimesalia hata leo, na waliozichungua wameona mambo ya ajabu. Habari za Yusufu kuuzwa utumwani zimo. Lakini habari za Musa kuwatoa Waisraeli katika utumwa wa Misri zimeachwa. Amri kwa watumwa kuwatii bwana zao imo; lakini maneno ya Paulo kwa Wagalatia, ya kwamba katika Kristo tofauti ya mtumwa na mtu huru imeondoka, hayamo. Sehemu kubwa ya Agano la Kale imetupwa, na Agano Jipya limepunguzwa sana. Aliyekifanya kitabu kile hakuongeza uongo. Alikata tu, na kukata kulitosha.

Twamshangaa mtu yule na mkasi wake. Lakini nionavyo mimi, mtu ye yote aokotaye aya moja ili amwonee mwenzake hufanya kazi iyo hiyo, ila yeye hutumia ulimi mahali pa mkasi.

Tazameni sasa upande mwingine. Mwaka ule ule wa 1807, katika mji ule ule wa London, Bunge la Waingereza liliikataza biashara ya watumwa, na wengi katika waliolipigania jambo hilo, kama vile William Wilberforce, walisema wamelipata katika Biblia. Huko Marekani, Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, akajifunza kusoma, akatoroka mwaka 1838, aliandika kitabu cha maisha yake mwaka 1845. Humo aliwajibu waliolitumia jina la Hamu: ikiwa utumwa ni wa uzao wa Hamu peke yao, mbona watumwa wengi baba zao ni wazungu? Na hapa kwetu, soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale pakajengwa kanisa katika siku za Askofu Edward Steere, ambaye pia aliyafasiri Maandiko kwa Kiswahili. Kitabu ni kile kile. Wengine walikisoma wakafunga watu. Wengine walikisoma wakawafungua.

Sasa nasikia mtu akinena, "Mwalimu, watuwekea mzigo. Neno la Mungu ni la wote. Bibi yangu hakujua Kiebrania, naye alikuwa mcha Mungu. Je, wataka tusisome mpaka tuwe wataalamu?"

La, sivyo. Mambo makuu ya Biblia ni wazi kama jua: mpende Mungu, mpende jirani yako, uwe na huruma, usiibe, usisingizie. Bibi yako aliyajua hayo akayatenda, naye amewapita wataalamu wengi. Nisemayo ni juu ya maneno magumu, nayo hata Biblia yenyewe yakubali kwamba yako. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, twasoma habari za mtu mkubwa wa Kushi, mtunza hazina wa Kandake, malkia wa nchi ile ambayo leo imo katika Sudani. Alikuwa ameketi garini mwake akisoma kitabu cha Isaya. Filipo akamwuliza kama ayaelewa ayasomayo. Mtu yule hakuona haya, wala hakusema, Mimi ni mkubwa, najua. Alijibu kwamba hawezi kuelewa pasipo mtu wa kumwongoza. Kisha akauliza swali lililo bora kuliko yote: nabii asema habari za nani, habari zake mwenyewe au za mtu mwingine? Mwaona? Mwafrika yule, katika gari lile, aliuliza swali ninalowafundisha ninyi leo, naye akaenda zake akifurahi. Wazee wetu wamesema, Kuuliza si ujinga.

Mwingine atanena, "Ukianza kuuliza habari za zamani na desturi za Wayahudi, utayapunguza maneno yote makali, hata amri zisibaki." Hofu hii ina haki yake, nami sitaidharau. Wako kweli wanaotumia mambo ya kale kama maji ya kuzimua divai. Chukueni neno la Bwana katika Marko, sura ya 10, kwamba ni rahisi zaidi ngamia kupita katika tundu ya sindano kuliko tajiri kuingia katika ufalme wa Mungu. Labda mmekwisha kusikia mtu akieleza ya kuwa palikuwa na mlango mdogo katika ukuta wa Yerusalemu ulioitwa Tundu ya Sindano, na ngamia aliweza kupita akitua mzigo na kupiga magoti. Ni maelezo mazuri, na matajiri huyapenda. Lakini hapana ushahidi wo wote kwamba mlango wa jina lile ulikuwako siku za Bwana Yesu. Hadithi hii ilianza kusikika baada ya karne nyingi.

Tena hatuna haja ya kuchimba ukuta wa Yerusalemu ili kulijua hilo. Someni aya zinazofuata. Wanafunzi walishangaa mno, wakauliza ni nani basi awezaye kuokoka. Kama pangekuwa na mlango wa kupiga magoti, wangalishangaa nini? Naye Bwana hakuwatuliza kwa kusema habari za mlango. Alisema kwamba kwa wanadamu jambo hilo haliwezekani, ila kwa Mungu yote yawezekana. Basi hapa neno likirudishwa mahali pake halipungui ukali. Lazidi.

Kwa hiyo nawaambieni, kutafuta mahali pa neno si kutafuta nafuu. Mara nyingine neno lililoonekana kali huwa pole, kama lile la kuwachukia wazazi. Na mara nyingine neno lililolegezwa hurudia ukali wake, kama lile la ngamia. Mwenye kununua watumwa na mwenye kubuni mlango ule wamekosa kosa moja. Kila mmoja alijua analotaka kabla hajafungua kitabu.

Basi, wanafunzi, mkikutana na neno gumu, jiulizeni mambo haya. Ni nani anenaye? Anena na nani, na katika shida gani? Mbele yake na nyuma yake kumeandikwa nini? Maandiko mengine yasemaje juu ya jambo lilo hilo? Na mkiisha kuyajibu hayo, bado swali moja, nalo ni la moyoni: Je, maana hii imenipendeza kwa kuwa ni kweli, au kwa kuwa yanifaa mimi na kumwumiza mwenzangu? Mkishindwa kujibu, mwulizeni mwalimu, au mchungaji, au mzee aliyesoma sana. Naye akisema, "Sijui," msimdharau. Mheshimuni zaidi, maana amekataa kufunga mtu asiyemjua.

Siku moja mtakuwa watu wazima. Wengine wenu mtahubiri, wengine mtahukumu, wengine mtalea watoto, na watu watawaleteeni aya wakitaka mwaseme maana yake. Siku hiyo mkumbukeni yule mtoto aliyelia mtini kwa kosa la mbwa. Kabla hujaichukua kamba, ndugu yangu, kwanza tafuta kipande cha pili cha barua.